Faiaman na Moshi wa Majirani

Faiaman hakuwa mtu wa kupiga hodi. Alikuwa ananusa kwanza. Unasikia vile viatu vyake vizito vya reli vinasimama nje ya dirisha la jikoni, halafu kimya, halafu pua inavuta hewa, fff, kama mbwa wa askari. Ndio sauti inatoka: "Mama Mwende, leo umepika na nini? Hiyo si kuni. Hiyo ni kabichi."

Basi unajua kuni yako ina maji. Hakuna kubishana.

Wote tulimwita Faiaman, wakubwa kwa watoto, hata mkewe akiwa na furaha. Alikuwa amestaafu reli. Kazi yake ilikuwa kulisha moto kwa injini za mvuke, mwanzo za kuni, baadaye za mafuta, na kule reli mtu wa kazi hiyo ndiye faiaman. Jina lake la ubatizo nililisikia mara moja kanisani likisomwa, nikalisahau kabla ya sadaka.

Tulikaa laini moja, upande wa Makadara, Nairobi, zile nyumba za kaunsil ya jiji zilizoshikana kama meno. Kila nyumba ina kajikoni nyuma, na ukuta wa kutenga jikoni na jikoni haukufika juu. Uliishia pale mtu mrefu anafikisha mkono, halafu ni mabati tu kutoka mwanzo wa laini mpaka mwisho. Ukikaanga kitunguu nyumba ya kwanza, nyumba ya mwisho wanajua. Ukigombana na mzee wako, pia wanajua. Na moshi ulikuwa wa wote. Hakuna mtu angesema huu ni wangu, ule ni wako.

Hapo ndipo shida ya Faiaman ilianzia. Mkewe, Mama Loise, alikuwa na kifua. Si kile kikohozi cha baridi unachemshia majani kinaisha. Alikuwa amepika kwa moshi tangu akiwa kasichana, na kifua kilikuwa kimejifunga. Moshi kidogo ukimwingia anashika ukuta, mabega yanapanda, midomo inabadilika rangi, na ndani yake unasikia sauti kama mlango mbovu unafunguliwa polepole. Daktari alimwambia mzee, dawa nitampa, lakini akiendelea kuvuta moshi hii dawa ni kuteka maji na chujio.

Kwa hivyo mtu akikuambia Faiaman alikuwa na kiherehere, ni kweli, alikuwa nacho. Lakini mimi mlango wangu ulikuwa karibu na wake, na nilijua alikuwa anatafuta nini kwa majiko ya watu. Alikuwa anatafuta pumzi ya mkewe.

Kwake hakukuwa na moshi. Hiyo lazima niseme. Alikuwa na stovu ya kuni aliyotengenezewa na fundi kwa chuma ya pipa nene. Ilikuwa na kamlango ka kuingizia kuni, chini yake wavu, chini ya wavu shimo la hewa, na bomba refu limetoka kwa dirisha likapanda mpaka juu ya paa. Na yeye ndiye alikuwa anaiwasha, si mkewe. Kuni zake alizipasua nyembamba kama mpini wa mwiko, akazipanga kwa rafu karibu na stovu lakini zisiguse. Maharagwe yamelowekwa tangu jana. Sufuria ina kifuniko kila wakati. Moto wenyewe ulikuwa mdogo, mkali, unanguruma. Anatia kidogo, anafunga, anangoja, anatia tena kidogo.

"Moto si ng'ombe," alikuwa anasema, "ati ukiujaza nyasi utatoa maziwa mengi."

Na jivu hakuliacha lijae mpaka lizibe hewa. Na bomba alilifagia mwenyewe, kila Jumamosi, na gunia kuukuu amefunga kwa waya. Anatoka hapo mweusi pua na masikio, watoto wa laini wanamzunguka wakiimba, "Faya! Faya! Umetoka kuzimu?" Na yeye anawajibu, "Nimetoka, na nimewaachia nafasi."

Mimi alinifundisha kwa sababu ya vipande vya muhugu, ule mti wa kuchongea. Mzee wangu alikuwa mchongaji. Alichonga twiga na vifaru vya kuuzia wageni, na jioni analeta gunia la mabaki. Nilijiona nimebarikiwa. Majirani wanahangaika na makaa, na mimi kuni inaletwa na bwana mlangoni. Lakini nikiwasha, ni machozi. Mwende wangu akifika shule anaulizwa na mwalimu kama nyumbani anapigwa, macho ni mekundu.

Siku moja Faiaman akanusa, akaingia, akachukua vipande viwili, akavigonganisha karibu na sikio langu.

"Sikiza."

"Nasikiza nini?"

"Inasema nini?"

"Inasema du."

"Du ni maji. Mchongaji hapendi mti mkavu, unampasukia mkononi. Kwa hivyo bwanako anakuletea maji kwa gunia, na wewe unashukuru." Akacheka. "Ziweke juu zikauke. Zikianza kusema ting, niite."

Bwanangu aliposikia hiyo alisema, "Sasa kuni inaongea? Huyo mzee kesho atakufundisha kusalimia mawe." Lakini mimi niliweka. Ilichukua muda, nikawa napima kila nikitoka darasa la gumbaru jioni, lile la watu wazima kujifunza kusoma, na kitabu kwapani, nagonganisha vipande gizani kama mtu anacheza ngoma ya watu wasiokuwepo. Siku zilipolia ting nilipiga kelele, na Faiaman akajibu kutoka upande ule wa ukuta kabla sijamwita, "Nimesikia! Sasa pasua!"

Alinionyesha pia kwamba moshi ni kuni. Hiyo sikuwa najua. "Ile unaona ikitoka," alisema, "ni kuni imekosa hewa ikakataa kuungua. Umeitafuta, umeibeba, umeipasua, halafu umeifukuza kwa dirisha. Kule kwa injini, inspekta haangalii uso wako. Anaangalia chimni. Ikitoa moshi mweusi, anajua umelala."

Kuna wakati jambo hilo la kukosa moshi lilimletea aibu. Mama mmoja wa chama cha kina mama kanisani alikuwa amehamia nyumba ya ng'ambo. Alitoka magharibi, upande wa kina Faiaman mwenyewe, na kwao jioni ikifika jiko lisitoe moshi, majirani wanajua nyumba hiyo imelala njaa, au kuna msiba. Huyu mama akaangalia bomba la Faiaman Jumatatu, hakuna moshi. Jumanne, hakuna. Akamwambia mwenzake, mwenzake akaambia chama. "Masikini, mtu wa penseni, na mke mgonjwa, na wanaona haya kusema." Tukachanga unga, sukari, sukuma wiki. Nilijaribu kuwaambia, wakanikata: "Mama Mwende, wewe ni jirani na hukuona?"

Basi wakaenda wakiimba, unga kichwani, na mimi nyuma yao. Faiaman akafungua mlango na mwiko mkononi. Nyuma yake nyama inachemka, unainusa mpaka nje.

"Nani amekufa?" akauliza.

"Hakuna, Baba Loise. Tumeona tu... bomba halitoi moshi."

Akawaangalia mmoja mmoja. "Kwa hivyo mnaniletea chakula kwa sababu napika vizuri?"

Mama Loise alikuwa ameketi ndani na alisikia. Akaanza kucheka. Alikuwa na kicheko kizuri, cha msichana, na sisi sote tukaanza kucheka pia, hata yule mama aliyeleta habari. Halafu kicheko kikageuka. Mabega yakapanda. Faiaman akatupa mwiko, akamshika kutoka nyuma, akamwinamisha mbele kidogo jinsi alivyozoea, akawa anamwambia sikioni, "Toa polepole. Toa kwanza, usivute." Na sisi tumesimama na unga kichwani. Wimbo umekatika, hakuna anayejua aweke wapi mzigo wala macho. Siku hiyo ndio nilielewa kwamba hata furaha alikuwa anapimiwa.

Sitaki mtu afikirie namchora malaika. Alikuwa na mdomo mkali, na alikuwa anavuta sigara. Ndio, huyo huyo. Alienda mbali, nyuma ya vyoo vya kaunsil, akavuta, akatafuna majani ya mpera, akanawa mikono mpaka viwiko kama daktari, ndio akarudi kwa mkewe. Nilimkuta huko nikamwambia, "Faiaman, na wewe?" Akasema, "Moto lazima utoe moshi mahali fulani, mama."

Na kanisani hakuingia. Alimsindikiza Mama Loise mpaka mlangoni, akamkabidhi kwangu kama mzigo wa mayai, halafu akaenda nyuma kuwashia kina mama moto wa chai. Nikimwambia aingie asikie Neno, anasema, "Mungu hapasulii mtu kuni." Niliumia kusikia hivyo, lakini chai yake haikuwa na harufu ya moshi hata siku moja, na mchungaji alikunywa vikombe viwili.

Tabu yake kubwa ilikuwa Mama Otieno, nyumba ya katikati. Huyu mama alipika chapati na githeri ya mahindi na maharagwe, za kuuzia vibarua, wale wanaotoka mtaa wa Mukuru kwa Reuben alfajiri kwenda kusimama kwa mageti ya viwanda. Bwanake alikuwa amepotea, si kufa, kupotea. Moto wake ulikuwa mkubwa na ulianza kabla ya jogoo, na kuni zake zilikuwa mbao za masanduku ya viwandani, zenye rangi na lami. Moshi wake ulikuwa mzito, unauma ulimi. Ulipanda mpaka kwa mabati, ukatembea juu ya kuta zetu zote, ukashuka kwa Mama Loise.

Nilikuwepo siku Faiaman alienda kuongea naye. Alivaa koti.

"Mama Otieno, hizo mbao zina rangi."

"Na mimi nina watoto."

"Rangi ni sumu. Hata wewe unaivuta."

"Baba Loise, wewe una penseni. Mimi nikingoja kuni ikauke, watoto wangu watatangulia kukauka." Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anasukuma chapati, hakuinua hata kichwa. "Pole ya mama. Kweli pole. Lakini nifanye nini? Niambie wewe, nifanye nini?"

Faiaman alisimama pale, mtu ambaye alikuwa na jibu la kila moto, halafu akavua koti, akachukua shoka ya Mama Otieno, akaanza kupasua zile mbao ziwe nyembamba, ziwake vizuri. Kesho yake alirudi akapasua tena. Wanaume wa laini wakamcheka, "Mzee amepata bibi wa pili!" Akawa anapasua tu. Moshi ulipungua kidogo. Lakini mbao ya rangi hata uipasue namna gani ni mbao ya rangi.

Kukaja ile baridi ya mwezi wa saba, mawingu yamelala juu ya Eastlands kama kifuniko, na moshi haupandi. Unatoka kwa mlango wa mtu, unalala kwa barabara. Faiaman alikuwa anambeba Mama Loise na kiti, anampeleka nje kule wazi karibu na uwanja, amemfunga blanketi, wanakaa. Watu wanaotoka kazini wanawapita, "Sasa, Faiaman?" na yeye anainua mkono tu. Nilikuwa naenda kukaa nao. Nilifunga na kuomba. Chama kizima tulifunga. Tulimpaka mafuta, tuliimba, na mimi niliomba kwa imani, sikuomba kwa mashaka, Mungu ananijua.

Jioni moja Faiaman akaniuliza, bila dharau, kama mtu anauliza habari za treni, "Mama Mwende, huyo Mungu wako amesema nini?"

"Bado hajasema, mzee."

"Sawa. Hata mimi niko tu hapa."

Watoto wao walikuwa wakubwa. Wakaja kutoka mtaa wa Tena na wapi sijui, wakaketi, wakaamua wazazi warudi nyumbani magharibi. Huko hewa ni safi, walisema, hakuna viwanda, hakuna laini. Faiaman hakubisha. Ile stovu alimwachia Mama Otieno. Alimfungia bomba mwenyewe, akamwonyesha shimo la hewa na wavu, akamwambia mambo yote aliyoniambia mimi. Mama Otieno akalia, halafu asubuhi akaijaza mbao za rangi. Lakini angalau moshi ulitoka nje kwa bomba. Basi laini yetu ikapata hewa wakati mwenye kifua ameshaondoka.

Sikumwona tena mpaka kanisa letu lilipoalikwa harambee huko kwao. Nilikuwa nimeuliza uliza, nikaambiwa boma si mbali, nikaenda kwa miguu na kijana wa kunionyesha njia. Faiaman alikuwa ameketi kwa kigoda chini ya ukingo wa nyumba, mikono juu ya magoti, ameangalia jikoni. Jikoni ilikuwa kibanda cha udongo na nyasi, ng'ambo ya uwanja, na moshi ulikuwa unatoka kwa paa zima, kila mahali, kama kibanda chenyewe kinatoa jasho.

"Mama Mwende! Umezeeka."

"Na wewe?"

"Mimi nilizeeka zamani, wewe ndio umechelewa." Alinishika mikono yote miwili. Mikono yake ilikuwa laini, haikuwa na ile ngozi ngumu ya shoka.

"Mama Loise yuko wapi?"

Akaonyesha jikoni na kidevu. Na hapo ndipo nikasikia kile kikohozi. Sauti ya mlango mbovu.

Nilimwuliza, "Faiaman, na wewe umeketi tu hapa?" Nilisema hivyo kwa mshangao, nikajuta.

"Nairobi ilikuwa stovu," akasema. "Stovu ni mashine, mwanaume anaweza kuishika. Hapa ni mafiga. Siku ya kwanza niliinama nipange kuni, mke wa ndugu yangu akatoka mbio, ati nimemtukana, ati nasema hajui kupika. Siku ya pili wazee wakanitembelea. Wakaniuliza kama mke wangu amekufa. Nikasema hajakufa. Wakasema, sasa kama hajakufa unatafuta nini kwa mafiga yake?"

"Si ungejenga stovu ingine?"

"Nilimwambia nitajenga. Nilikuwa nimeshapata hata fundi. Akakataa. Unajua aliniambia nini? Aliniambia, 'Nairobi uliniweka peke yangu na hewa yako safi. Hapa nina watu.'"

Tukakaa. Kule ndani wanawake walikuwa wanacheka, halafu kikohozi, halafu kimya, halafu wanaanza tena. Kila kikohozi kikija, vidole vyake vinakaza magoti. Akageuka kwangu, akasema pole pole, "Wewe ni mwanamke. Wewe unaweza kuingia. Kuna gogo moja bichi hapo upande wa mlango, naisikia kutoka hapa inavyolia. Itoe tu. Usiseme ni mimi."

Nikaingia. Mwanzo sikuona kitu, macho yalijaa. Halafu nikaona mafiga, na sufuria kubwa, na kina mama wameketi chini kuzunguka, na Mama Loise ameegemea ukuta, anaambua maharagwe. Alikuwa amekonda, mabega yako karibu na masikio. Lakini uso! Ulikuwa umefunguka, sijawahi kuuona hivyo kwa laini yetu.

"Ni Mama Mwende!" akawaambia wenzake. "Huyu ndiye wa kuni zinazosema ting!" Wakapiga makofi, wakanipa nafasi. Walikuwa wameshasikia habari zangu zote.

Nililiona lile gogo. Lilikuwa bichi kweli, mwisho wake unatoa povu na kulia sss. Nikanyoosha mkono nilivute. Mama Loise akanishika kiwiko.

"Amekutuma."

Sikuweza kumdanganya. "Amenituma."

"Wacha hiyo, dada. Ukiitoa moto utalala, na moto ukilala hawa watainuka waende kwao. Kaa. Niambie, Mama Otieno bado anatukana watu?"

Nikaketi. Mmoja wao alikuwa katikati ya hadithi ya mbuzi aliyekula kofia ya shemasi mlangoni mwa kanisa, akaendelea, na tukacheka, na Mama Loise akacheka mpaka kikohozi kikamshika. Hakuna aliyemgusa. Waliketi tu wakimngojea, mikono kwa mapaja, wanavyongoja maji yachemke. Mimi niliomba kimoyomoyo na maneno hayakutoka, ila jina la Mama Loise tu.

Sauti ikaja kutoka nje, ng'ambo ya uwanja. "Mama Mwende! Umetoa?"

Wanawake wakaniangalia. Mama Loise hakuwa na pumzi ya kusema. Alikuwa amenishika mkono, ananiangalia na macho yanayotiririka, na kichwa anatikisa kidogo, hapana.

"Bado, mzee," nikajibu.

Mama Loise alivuta, akatoa, akavuta tena, mpaka kikampita. Akapangusa macho na leso, akamgeukia yule mwenye hadithi.

"Haya," akasema. "Shemasi akasema nini?"